Mzigo wa Mwenzio: Historia Fupi ya Eneokazi Jepesi, Pamoja na Mfano wa Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Wahenga wamesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi kivulini humtazama apandaye mlima, akadhani kwamba furushi lililo kichwani mwa yule si kitu. Lakini shingo iliyolibeba ndiyo ijuayo uzito wake. Methali hii nimeichagua iwe mlango wa makala haya, kwa kuwa jambo tunalotaka kulichunguza ni mzigo. Si mzigo wa kahawa wala wa ndizi ushukao kutoka vihambani hadi sokoni Moshi, bali ni mzigo ambao programu huutwika mtambo wa kompyuta, hasa kompyuta iliyokwisha kuzeeka.

Nimekusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, asili ya kile kiitwacho eneokazi katika kompyuta za Linux, na jinsi maeneokazi mazito na mepesi yalivyozaliwa. Pili, namna ambavyo mtu aliye Moshi, au Marangu, au Kibosho, au Rombo, aweza kuchagua kwa akili eneokazi lifaalo mtambo alio nao. Tatu, nafasi ya Kiswahili katika uchaguzi huo. Hili la tatu ndilo hasa lililonisukuma kuandika katika jarida la wachunguzi wa lugha, maana wengi hudhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao.

Maana ya maneno

Yatupasa kwanza tuyafafanue maneno. Kompyuta ina mwili na ina roho. Mwili ni vyuma, nyaya na kioo. Roho ni programu. Programu iliyo mama wa nyingine zote huitwa mfumo wa uendeshaji, nayo ndiyo igawayo kazi, kumbukumbu na zamu. Linux ni mfumo wa namna hiyo. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Nayo ni programu huria, yaani kila mtu ameruhusiwa kuitumia, kuisoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadili, na kumgawia mwenzake.

Lakini mfumo wa uendeshaji hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni kioo chenye madirisha, orodha za amri na vipicha vya kubofya. Mtindo huo ulikuzwa na watafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, katika miaka ya 1970. Walitaka kioo kifanane na meza ya karani, yenye karatasi juu yake na majalada pembeni. Na jina la Kiingereza likatokana na meza hiyo. Kiswahili hakikufuata njia ile. Badala ya meza, neno tulilolipata kwa Wareno, wafasiri walichagua eneokazi, yaani mahali pa kufanyia kazi. Uteuzi huo una busara. Mtu aweza kufanya kazi bila meza, mathalani mkekani au shambani, lakini hawezi kufanya kazi pasipo mahali. Dirisha lilibaki dirisha, neno ambalo asili yake ni Kiajemi, na faili likabaki faili.

Katika Windows mtumiaji hupewa eneokazi moja, naye hulipokea kama lilivyo. Katika Linux mambo ni mengine. Huko eneokazi ni nyumba ambayo yaweza kubomolewa na kujengwa nyingine juu ya msingi ule ule. Kuna programu ipangayo madirisha, ambayo twaweza kuiita msimamizi wa madirisha. Kuna upau wa chini au wa juu. Kuna programu ya kupanga mafaili. Na kuna mahali pa kurekebishia rangi, sauti na saa. Vyote hivyo vikikusanywa pamoja huitwa mazingira ya eneokazi. Kwa kuwa mazingira hayo ni mengi, mwenye kompyuta hulazimika kuchagua. Na mwenye kompyuta dhaifu hulazimika kuchagua kwa uangalifu zaidi.

Tübingen na Kilimanjaro

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kibo. Safari ile ilikuwa ya wapagazi wachache. Mwaka uliofuata alirudi Uchagani na wapagazi wapatao 30, akitumaini kufika Unyamwezi; lakini bidhaa zake zikaishia mikononi mwa Mangi Mamkinga wa Machame, na safari ikafia hapo. Aliyekwenda na kidogo alifika, na aliyekwenda na vingi alikwama, ingawa alikuwa mtu mmoja.

Mwenzake Rebmann katika kazi ya Mombasa alikuwa Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen, kijiji ambacho siku hizi ni sehemu ya mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Kitabu cha Krapf cha misingi ya sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa katika mji huo huo mwaka 1850. Miaka 146 baadaye, tarehe 14 Oktoba 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, alitangaza nia ya kuunda mazingira mapya ya eneokazi, ambayo yaliitwa KDE. Na mwaka 2014 Tübingen na Moshi zikafunga udugu wa miji.

Hatusemi kwamba mambo haya yalizaana. Twayaweka pamoja kwa sababu yana funzo moja. Krapf aliandaa sarufi ili iwarahisishie wageni njia ya kujifunza lugha; Ettrich alitaka mtu wa kawaida, asiye fundi, aitumie Linux bila kubabaika. Nia zote mbili zilikuwa njema. Lakini sarufi ilichapwa mbali na wasemaji, na eneokazi liliundwa mbali na wengi ambao wangelitumia baadaye. Chombo kitengenezwacho mbali huja na vipimo vya kule kilikotoka.

Urahisi na wepesi

Hapa lugha yetu yatusaidia kufikiri. Kiswahili kina neno rahisi na kina neno jepesi. Aghalabu hutumika kwa maana moja, kama tusemapo kwamba kazi hii ni rahisi, au kazi hii ni nyepesi. Lakini tukipenda twaweza kuyatenga. Urahisi ni hali ya mtumiaji: hapati taabu ya kujua la kufanya. Wepesi ni hali ya mchukuzi: hapati taabu ya kubeba. Historia ya maeneokazi ya Linux ni historia ya mapatano kati ya mambo haya mawili. Kila urahisi apewao mtumiaji, yaani picha nzuri zaidi, vivuli vya madirisha, utafutaji wa haraka, maonyo yajitokezayo yenyewe, hubebwa na mtambo. Mwenye mtambo wenye nguvu haoni gharama hiyo. Mwenye mtambo dhaifu huilipa kila anapobofya.

Msingi wa picha za Linux ulitoka katika mfumo wa X, ulioanza mwaka 1984 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani. Mfumo huo ulichora madirisha, lakini haukuamuru yapangwe namna gani. Kazi hiyo iliachiwa wasimamizi wa madirisha, programu ndogo zilizohitaji nguvu kidogo. KDE ilipokuja mwaka 1996 ilileta umoja wa sura na matumizi. Mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wawili wa Meksiko, walianzisha GNOME, kwa sababu vifaa vya ujenzi vilivyotumiwa na KDE havikuwa huria kamili wakati huo. Tangu hapo mazingira hayo mawili yamekuwa kama nguzo mbili za nyumba. Na kama kawaida ya nyumba kubwa, yaliongezwa vyumba mwaka hadi mwaka.

Wepesi nao haukukosa watetezi. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1996 Olivier Fourdan, Mfaransa, alianzisha Xfce, mazingira yaliyokusudiwa kuwa na vitu vya kutosha bila ya kulemea mtambo. Mwaka 1997 Marko Maček alianzisha IceWM, msimamizi wa madirisha mwenye upau na orodha ya amri, ambaye mpaka leo hutosheka na kumbukumbu ndogo mno. Mwaka 2006 Hong Jen Yee wa Taiwan alianzisha LXDE, kwa ajili ya mitambo dhaifu. Kazi hiyo iliungana na nyingine mwaka 2013, na toleo la kwanza la muungano huo likatoka mwaka 2014 kwa jina la LXQt. Mwaka 2011, GNOME ilipobadili sura yake kabisa kwa toleo la 3, baadhi ya watumiaji hawakuridhika. Mmoja wao, wa Argentina, akachukua msimbo wa GNOME ya zamani akauendeleza kwa jina la MATE, ambalo ni jina la kinywaji cha kwao. Watu hao wote walifanya kama isemavyo methali: usiache mbachao kwa msala upitao.

Lazima tuongeze tahadhari moja. Uzito na wepesi si sifa za kudumu kama kabila la mtu. KDE, ambayo kwa miaka mingi ilisemwa kuwa nzito, imepunguzwa uzito sana katika matoleo ya karibuni. Na Xfce ya leo ni nzito kuliko Xfce ya miaka 20 iliyopita. Kwa hiyo mtu asichague kwa kusikia jina. Apime.

Kompyuta kuja Tanzania, na kupanda mlima

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu za serikali kwa mitambo haikuleta faida iliyotarajiwa, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni ulipigwa marufuku. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitoka mwaka 2003, na mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Hivyo basi, miaka ambayo maabara za Marekani zilikuwa zikiunda madirisha na maeneokazi, nchi yetu ilikuwa nje ya mazungumzo yale. Tulipoingia, tuliingia kwa wingi kupitia mlango wa mitambo iliyokwisha kutumika kwingine.

Moshi ni mji uliozoea daftari na mizani. Reli ilifika hapo mwaka 1911. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Kilimanjaro, yaani KNCU. Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971. Juu ya mji, katika miteremko ipandayo kuelekea kilele cha mita 5,895, kuna shule, parokia, sharika, zahanati na vyama vya msingi vya ushirika ambavyo vyote vina kumbukumbu za kuandika, barua za kujibu na hesabu za kufunga. Ofisi ya namna hiyo haihitaji mtambo wa fahari. Yahitaji mtambo uwakao, uandikao, uhifadhio, na usiokata tamaa umeme ukatikapo na kurudi.

Katika ofisi kama hizo kompyuta nyingi ni kuukuu: nyingine zimenunuliwa mitumba, nyingine zimeletwa na marafiki wa ng'ambo. Katika miaka ya 2000 mradi wa Linux4Afrika, uliotoka mji wa Freiburg nchini Ujerumani, ulikusanya kompyuta zilizotumika, ukaziwekea Linux na kuzipeleka katika shule za Tanzania na Msumbiji. Mradi huo ulitumia njia ambayo Mchaga yeyote ajuaye mfongo ataielewa. Katika mfongo maji hutolewa mtoni mahali pamoja, yakagawanywa kwa zamu hadi kila kihamba kipate. Vivyo hivyo kompyuta moja yenye nguvu hufanya kazi ya kufikiri, na kompyuta dhaifu zilizounganishwa nayo huonyesha tu kioo na kupokea maandishi. Programu za kufanyia hivyo kwa Linux zilianzishwa na Jim McQuillan mwaka 1999. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mitambo mibovu kumi yaweza kuishi kwa mgongo wa mmoja mzima. Hasara yake pia yajulikana kwa mwenye mfongo: banio likibomoka, vihamba vyote hukauka.

Swali hili limepata uzito mpya siku hizi. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na ikakoma kuitunza bure Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Watanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, chembe maalumu ya usalama, na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizo nzima hazitimizi masharti hayo. Mwenye nayo ana njia tatu: kuitumia bila ulinzi, kuitupa, au kuiwekea mfumo mwingine. Njia ya kwanza ni hatari, na ya pili ni hasara juu ya uchafu. Ya tatu ndiyo tunayoieleza.

Namna ya kupima

Karani wa chama cha ushirika hakubali kilo za kahawa kwa maneno; huweka gunia juu ya mizani. Na kompyuta ipimwe hivyo. Linux ina amri zinazoonyesha kumbukumbu iliyotumika na iliyobaki. Mtambo uwashwe, usifunguliwe kitu, kisha isomwe hesabu. Aghalabu GNOME huanza kwa kula kumbukumbu ipatayo gigabaiti moja au zaidi. Xfce na MATE hula pungufu ya hapo. LXQt pungufu tena. Na IceWM hula kidogo sana. Tofauti hizi hubadilika kwa kila toleo, lakini mpangilio huo hubaki kuwa mwongozo mzuri.

Kwa mtambo wenye gigabaiti 4 au zaidi, Xfce au MATE hufaa bila wasiwasi, na hata KDE yaweza kujaribiwa. Kwa gigabaiti 2, LXQt ni chaguo la busara, au Xfce kwa mtu asiye na haraka. Kwa gigabaiti 1, IceWM, na kazi iwe ya kuandika na kuhesabu. Pungufu ya hapo mtambo ni wa kufundishia au wa kazi moja tu.

Lakini kuna mtego ambao wengi hunaswa. Eneokazi jepesi haliwezi kuufanya mtandao kuwa mwepesi. Kivinjari kikifungua kurasa chache za siku hizi, zenye picha na sinema, chaweza kula kumbukumbu kuliko eneokazi zima. Aliyehama kutoka GNOME kwenda IceWM, kisha akafungua kurasa ishirini, ni sawa na mpagazi aliyevua kofia ili apunguze mzigo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: mtambo huu utafanya kazi gani? Barua na hesabu za chama ni jambo moja. Kutazama masomo ya video ni jambo jingine. Tena, mara nyingi kinachochelewesha kompyuta kuukuu ni diski yake izungukayo. Kuweka diski ya kisasa isiyozunguka, au kuongeza kumbukumbu, huenda kukafaa zaidi ya kubadili eneokazi.

Jambo jingine ni umri wa kichakataji. Vile vya zamani vya biti 32 vinaachwa nyuma. Debian, ambayo ni miongoni mwa mikusanyo mikongwe ya Linux na mama wa mingi, ilipotoa toleo la 13 mwezi Agosti 2025 iliacha kutoa njia ya kuisimika upya katika mitambo hiyo. Kwa hiyo mwenye mtambo wa namna hiyo ajue kwamba, hata katika ulimwengu wa programu huria, wepesi una mpaka wake.

Na mwisho wa vipimo ni mtu. Nani ataitunza kompyuta hii fundi akishateremka mjini? IceWM ni nyepesi kupita zote, lakini baadhi ya marekebisho yake hufanywa kwa kuandika ndani ya mafaili. Xfce ni nzito kidogo, lakini mwalimu aweza kuirekebisha kwa kubofya. Wepesi wa mtambo ukinunuliwa kwa ugumu wa mtumiaji, mzigo haukutua. Umehama bega tu.

Lugha nayo ni mzigo

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mtoto azaliwaye Mamba au Machame husikia kwanza Kichaga cha kwao. Hujifunza Kiswahili na kusoma kwacho shule ya msingi. Kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya masomo katika sekondari. Aketipo mbele ya eneokazi la Kiingereza, anasoma amri kwa lugha yake ya tatu. Huo nao ni uzito, ingawa hakuna amri ya Linux iwezayo kuupima.

Jitihada zimekuwapo. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza nia ya kutafsiri programu zake. OpenOffice ilizaa LibreOffice mwaka 2010, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Programu hiyo hufanya kazi juu ya eneokazi lolote. Hivyo aliyechagua LXQt au IceWM hakukosa njia ya kuandika katika dirisha la Kiswahili. Lakini eneokazi lenyewe, yaani nyumba inayolizunguka dirisha hilo, halijakamilika. Hakuna hata moja kati ya mazingira niliyoyataja, makubwa kwa madogo, ambalo Kiswahili chake ni kamili.

Kwa nini? Sababu moja ni istilahi. Tuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa kitu kimoja. Tuna kipanya na puku. Tuna folda na kabrasha. Wingi wa maneno ni utajiri katika ushairi, lakini katika orodha ya amri ni mkanganyo. Sababu nyingine ni ya sarufi, nayo yatuhusu zaidi. Programu nyingi huunda sentensi kwa kuacha nafasi tupu, kisha hutia jina ndani yake. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja hutosha kusema kwamba kitu fulani kimefutwa, kiwe faili, folda au kiungo. Kwa Kiswahili faili limefutwa, folda imefutwa, kiungo kimefutwa, na ujumbe umefutwa. Programu haijui ngeli ya kitu itakachokitaja, na mfasiri amepewa nafasi ya kitenzi kimoja tu. Hata faili lenyewe lina wasemaji wawili: yuko asemaye faili limefutwa, na yuko asemaye faili imefutwa. Fundi hawezi kuamua jambo hilo. Mchunguzi wa lugha aweza. Aweza kuamua umbo moja lishikwe. Na pale ambapo ngeli haijulikani, aweza kuigeuza sentensi ili kitenzi kimwelekee mtendaji, kwa mfano kusema umefuta, kisha nukta mbili na jina la kitu. Kwa njia hiyo hakuna upatanisho unaovunjika.

Hapa ndipo wepesi unapotupa faida ambayo si wengi wameitazama. Mazingira makubwa yana maneno na sentensi kwa maelfu mengi, yaliyotapakaa katika programu nyingi, na kila toleo huleta mapya. Mazingira madogo yana vitu vichache, kwa hiyo yana maneno machache. Eneokazi lililo jepesi kwa mtambo ni jepesi pia kwa mfasiri. Kikundi kidogo cha wanafunzi wa isimu, chini ya mwalimu mmoja mwenye kushika istilahi, chaweza kumaliza kazi ya LXQt au IceWM katika muda ambao usingetosha hata kuanza KDE. Na mafaili ya tafsiri hayaongezi uzito wa kutajika katika mtambo: Kiswahili hakilemei kompyuta. Tena lugha yetu yaandikwa kwa herufi za Kilatini zilizomo katika kila mtambo, wala haihitaji kibodi maalumu; hata ng' hupata alama yake mahali palipo tayari.

Mpaka sasa wafadhili na wafasiri wameanza na programu kubwa zenye jina. Nadhani utaratibu huo ufaa kugeuzwa. Walio na mitambo mikubwa wana njia nyingine nyingi; walio na mitambo midogo ndio aghalabu wanaohitaji zaidi Kiswahili. Tukianza na vilivyo vikubwa, mwenye kompyuta kuukuu hulazimishwa kuchagua kati ya mambo mawili: eneokazi ambalo mtambo wake hauliwezi, au lugha ambayo mwanafunzi wake haiwezi. Tukianza na vilivyo vidogo, hatalazimika kuchagua.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na tangu mwaka 2009 kazi zake zimo katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kwa muda wote huo imekusanya maneno, imetunga kamusi na imesanifu istilahi za sayansi. Kazi ninayoipendekeza ni ya ukoo ule ule. Lichaguliwe eneokazi moja jepesi; maneno yake yote yaorodheshwe; ngeli na viambishi viamuliwe mara moja; tafsiri ikamilishwe na kurudishwa kwa watunzi wake, ili ije ndani ya kila toleo bila kuombwa. Kisha lipelekwe lijaribiwe pale ambapo mzigo hubebwa kweli: katika ofisi ya shule juu ya Moshi, kwa kompyuta ya gigabaiti 2, umeme ukiwa wa kukatika na kurudi. Karani atakayeitumia ndiye atakayetuambia kama tumemtua au tumemtwika.